Huria Si Holela: Jinsi ya Kumkosoa Usiyemlipa

Liko swali moja ambalo halikunipa taabu katika miaka yote niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, lakini tangu nistaafu limekuwa likinijia mara kwa mara. Swali lenyewe ni hili: mtu anayefanya kazi kwa hiari yake, asiyelipwa wala kuajiriwa na yeyote, anapokosea, nani ana haki ya kumkosoa, na amkosoe kwa maneno gani?

Chuoni jibu lilikuwa jepesi. Mkufunzi aliyechelewa vipindi aliandikiwa barua, na barua ile ilikuwa na uzito kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mshahara, cheo na Wizara. Mwanachuo aliyevuruga mazoezi ya kufundisha alijua kwamba alama zake zimo mkononi mwa anayemkagua. Mkuu aliweza kusema kwa upole au kwa ukali, na kwa vyovyote vile angesikilizwa, maana mamlaka yalimsemea. Lakini sasa ondoa mshahara, ondoa cheo, ondoa Wizara, ubakiwe na watu wawili tu na kazi iliyoharibika katikati yao. Hapo ndipo mtu anapojua neno lina uzito gani.

Mfano nitakaoutumia unatokana na kazi ambazo siku hizi huitwa huria. Neno hili si geni kwetu. Watu wa rika langu tulilizoea katika soko huria, wakati uchumi wetu ulipokuwa ukifunguliwa, kisha Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992. Leo kuna programu huria za kompyuta, yaani zile ambazo maandishi yake ya ndani yamewekwa wazi ili yeyote mwenye ujuzi ayasome, ayarekebishe na kuwagawia wengine. Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Simu nyingi za mkononi zinazouzwa Kariakoo zimejengwa juu ya Linux, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Hali kadhalika iko ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Sehemu kubwa ya ramani hiyo imechorwa na watu wa kujitolea. Mtu yeyote anaweza kujiandikisha na kuchora barabara ya kwao, na mtu mwingine yeyote anaweza kuifuta.

Naomba msomaji airudie sentensi hiyo ya mwisho, maana ugomvi wote ninaotaka kuuzungumzia umo humo.

Ramani hiyo ilifika kwetu Tandale mwaka 2011. Mwezi wa Agosti mwaka huo, wanafunzi wa mipango miji kutoka Chuo Kikuu cha Ardhi waliingia mitaani pamoja na wakazi, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wakifuata mfano wa kazi iliyokuwa imefanyika Kibera, Nairobi, tangu mwaka 2009. Walipita Mtogole, Pakacha, Mkunduge na Sokoni, wakiwa na vifaa vya kupimia mahali kwa setilaiti, wakiandika vichochoro, mabomba ya maji, vyoo, maduka na mitaro. Mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ilienezwa katika kata nyingine za jiji kwa jina la Ramani Huria, na shabaha yake kubwa ilikuwa kujua mahali ambapo mafuriko huanzia na maji huelekea.

Kwa mtu anayekaa mahali palipopimwa viwanja, mtaro kwenye ramani ni mstari tu. Kwa mtu wa Tandale si hivyo. Sisi tunapakana na Mto Ng'ombe, nao ukijaa haubishi hodi. Desemba 2011, miezi michache tu baada ya wanafunzi wale kupita, mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, watu wapatao arobaini wakafa na wengine wengi kutoka mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Agosti 2015 jiji likapata kipindupindu. Katika makazi kama yetu, kujua maji machafu yanapita wapi na choo kiko umbali gani na bomba ni jambo la uhai. Kwa hiyo aliyeuchora mtaro pasipostahili amekosea, na kosa lake linaweza kumwangukia mtoto asiyejua hata kwamba ramani ipo. Hili tulishike, kwa sababu kuna watu wanaodhani kuwa adabu ya mazungumzo ni suala la kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. La hasha. Kazi ina ukweli wake, na ukweli huo una wenyewe wanaoutegemea.

Sasa nieleze kisa nilichokishuhudia. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alijifunza kuchora ramani, akaipenda kazi hiyo, akaendelea nayo kwa muda wake na kwa vocha yake mwenyewe. Siku moja alichora mtaro unaopita nyuma ya nyumba kuelekea mtoni. Mchoraji mwingine wa kujitolea, aliyekuwa nchi ya mbali, aliangalia picha ya setilaiti, akaona mabati pale kijana alipoonyesha maji, akaufuta mtaro wote. Kisha akaandika kwa Kiingereza, mahali ambapo kila mtu anaona, kwamba kazi hiyo ni ya ovyo na kwamba asiyeweza kuchora awaachie wanaoweza. Kijana alinionyesha maneno hayo kwenye simu. Hakuyajibu. Aliacha kuchora kwa muda wa miezi mitatu.

Nilikwenda naye kuutazama mtaro wenyewe, maana nyumba hizo nazifahamu. Mtaro ulikuwapo. Sehemu yake ilikuwa imefunikwa kwa zege na mtu akajenga kibanda juu yake, maji yakawa yanapita chini. Setilaiti haiwezi kuona chini ya bati. Lakini ni kweli pia kwamba kijana aliuweka upande usio wake, hatua kadhaa kutoka mahali unapopita hasa. Kila mmoja wao alikuwa na sehemu ya ukweli. Aliye mbali aliona kwamba mstari umekaa vibaya, na aliye karibu alijua kwamba maji yapo. Iwapo wangezungumza, ramani ingepata mtaro sahihi siku ileile. Kwa kuwa hawakuzungumza, ilikaa miezi mitatu bila mtaro wowote.

Yapo majibu mawili mepesi kwa swali letu, na yote mawili nimewahi kuyasikia yakitetewa na watu wazima wenye akili timamu.

Jibu la kwanza linasema kwamba anayejitolea hakosolewi. Ametoa jasho lake bure, basi ashukuriwe na kuachwa. Jibu hili lina sura ya utu, lakini ndani yake mna dharau. Kumwacha mtu aendelee kukosea kwa sababu halipwi ni kumwambia kuwa kazi yake si kazi, ni mchezo wa kupitishia muda. Nimeona walimu wa kujitolea katika madarasa wakifundisha hesabu isiyo sahihi, na hakuna aliyewaambia, eti wasije wakakasirika na kuondoka. Waliopata hasara ni watoto. Hisani ni jambo jema, lakini si ngao ya kuzuia ukweli.

Jibu la pili linasema kwamba ukweli ni mchungu, na asiyeuweza aondoke. Wenye jibu hili hujiona mashujaa wa ubora. Kwa miaka mingi walikuwa na mfano mkubwa wa kuutaja, naye ni huyohuyo Torvalds, ambaye alijulikana kwa barua kali alizowaandikia wenzake waliomletea maandishi ya programu yenye kasoro. Wengi wa wenzake hao walilipwa na makampuni mbalimbali, lakini si yeye aliyewalipa, wala hakuwa na uwezo wa kuwafukuza kazi. Watetezi wake walisema kwamba bila ukali ule Linux ingeharibika. Hata hivyo, Septemba 2018 yeye mwenyewe aliwaandikia wenzake hadharani, akaomba radhi kwa maneno yake, akakaa kando kwa majuma kadhaa ili atafute msaada wa kuelewa hisia za watu, akarejea mwezi uliofuata. Wakati huohuo jumuiya yao ikapitisha kanuni za mwenendo. Je, programu iliharibika? Haikuharibika. Matoleo mapya yanaendelea kutoka hadi leo, na kazi mbovu bado inakataliwa. Kumbe ukali juu ya kazi na matusi juu ya mtu ni vitu viwili, na kimoja kinaweza kwenda bila kingine.

Nilianza kuelewa tofauti hiyo muda mrefu kabla ya kuiona kompyuta. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata sisi walimu vijana tulifundisha watoto asubuhi na kisomo jioni. Asubuhi kulikuwa na kiboko. Jioni hapakuwa na kitu. Mbele yangu walikaa wazee walioweza kunizaa, wametoka shambani, vidole vimekakamaa, wanajifunza kuandika majina yao. Hakuna aliyewalazimisha kurudi kesho. Mwalimu mwenzangu mmoja alimwambia mzee aliyekosea, mbele ya darasa, kwamba hata mjukuu wake angeliandika neno lile. Kesho yake mzee hakuja. Siku ya tatu jirani zake watatu nao hawakuja. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Njia iliyofaa ilikuwa rahisi. Mzee alipoandika neno vibaya, tulilisoma kwa sauti kama lilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza, kisha tukamwuliza: "Mzee wangu, ulikusudia kuandika nini?" Mara nyingi alicheka mwenyewe, akachukua kalamu. Kosa halikufichwa, maana lilisomwa mbele ya wote. Ila lililosomwa lilikuwa neno, hakusomwa mzee. Na swali lile lilibeba heshima kubwa, kwa kuwa lilikiri kwamba alikuwa na kusudio, kwamba si mjinga aliyechorachora ovyo.

Swali kama hilo ndilo lililomaliza kisa cha mtaro. Mchoraji wa tatu, ambaye pia simfahamu, alipita akaona mstari uliofutwa. Hakumtetea huyu wala kumlaumu yule. Aliuliza tu: mvua ikinyesha hapo, maji yanakwenda wapi? Kijana akajibu siku hiyohiyo, akaweka na picha. Mtaro ukachorwa tena mahali pake, ikaonyeshwa kwamba kipande kile kinapita chini. Wachoraji wa ramani hiyo wana kanuni nzuri kwamba panapotokea ubishi, kinachoonekana chini ardhini ndicho kinachopewa uzito. Sisi tulikuwa nayo zamani katika methali isemayo adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini kanuni hiyo haiwezi kutumika ikiwa aliye chini ardhini amenyamazishwa.

Hapa pana jambo ambalo nadhani wageni hawalioni upesi. Kimya hakina maana moja kila mahali. Katika malezi yetu, kijana anayekemewa na mkubwa huinamisha macho na kunyamaza, na kunyamaza huko ni heshima, au ni uchungu, au ni yote mawili. Aliyeko ng'ambo husoma kimya hichohicho kama kukubali. Hali kadhalika lugha. Kwa Kiswahili kijana yule angeanza na shikamoo au samahani, angeomba, angeeleza. Akiandika kwa Kiingereza cha shule, adabu zote hizo hupotea njiani, likabaki neno moja kavu, na anayelisoma akadhani anajibiwa kwa ujeuri. Maandishi hayana uso. Ana kwa ana, mtu akisema neno zito anaweza kulipunguza kwa tabasamu au kwa kumshika mwenzake bega, lakini kwenye kioo cha simu neno hufika peke yake. Kwa hiyo anayeandika kwa mtu asiyemjua anapaswa kuongeza kwa maneno kile ambacho uso ungekifanya bure.

Tena tusijidanganye kwamba katika kazi huria wote ni sawa kwa vile hakuna mkubwa. Mamlaka yapo, ila hayana ofisi. Mwenye umeme usiokatika, mwenye intaneti ya mwezi mzima, mwenye Kiingereza cha kuzaliwa nacho, huyo atashinda ubishi mwingi kwa kuwa tu anaweza kujibu mara kumi wakati mwenzake amemaliza vocha. Na kwetu liko suala la posho. Mradi ukija, baadhi ya wanaojitolea hupewa nauli na chakula na wengine hawapewi, na manung'uniko yanayoanzia hapo hujitokeza baadaye kama ubishi juu ya mstari wa ramani. Kiongozi mwenye busara haanzi kwa kusuluhisha mstari. Kwanza huuliza nani amepewa nini, na husema jibu hadharani, maana fitina hula gizani.

Msomaji anaweza kuuliza: je, hakuna wa kukatazwa? Yupo. Kuna mtu anayefuta kazi za wenzake kwa makusudi, anayeonywa na kurudia, anayewatukana wageni hadi wakakimbia. Kumvumilia huyo kwa jina la upole ni kuwadhulumu wengine ishirini ambao wataondoka kimyakimya bila kuaga. OpenStreetMap wana kikundi chao cha watu wa kujitolea ambacho huamua migogoro na kinaweza kumzuia mtu asichore kwa muda. Naona ni haki, mradi kuwe na mambo matatu: kanuni iwe imejulikana kabla ya kosa, mkosaji awe amesikilizwa, na mlango wa kurudi uwe wazi. Hata katika serikali ya mtaa hatutaki zaidi ya hayo.

Zaidi ya hapo, kazi huria ina haki moja ambayo chuo changu hakikuwa nayo. Asiyeridhika anaweza kuchukua nakala ya kazi yote akaenda kuiendeleza na wenzake kwa jina jingine. Wasomaji wengine watakumbuka kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kutoka OpenOffice.org. Mwaka 2010 wengi wa watu wa kujitolea wa OpenOffice.org walijitenga na kampuni iliyokuwa imeimiliki, wakaanzisha LibreOffice, na leo hiyo ndiyo inayotumika zaidi. Mwenda kwao si mtumwa. Kiongozi wa watu kama hao anajua kila asubuhi kwamba wanaweza kuondoka, tena na mali yote. Wengine huona huu ni udhaifu. Mimi naona ndio unaomlazimisha kiongozi kuwa mwadilifu, kwa kuwa hana kingine cha kuwashikia isipokuwa haki na lugha njema.

Basi jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni hili. Mwenye haki ya kumkosoa anayejitolea ni yule aliyekwisha kujishughulisha kuijua kazi yake, awe jirani au awe mgeni. Amkosoe wazi, bila kupunguza ukweli, kwa sababu wapo wanaoutegemea. Aanze kwa kuuliza kabla ya kufuta. Aitaje kazi na kuacha tabia ya mtu. Panapohitajika kuzungumzia tabia, azungumze naye pembeni, wawili tu. Na akiona kimya, asikitafsiri kwa faida yake mwenyewe, bali aulize tena.

Sisi wa Tandale tunalifahamu vizuri neno jingine lililo karibu na huria, nalo ni holela. Katika taarifa za mipango miji, mahali petu huitwa makazi holela, nasi hatulipendi jina hilo, ingawa tunajua limetoka wapi. Kila mtu alijenga alipotaka, hakumwuliza jirani maji yatapita wapi, na mvua ikinyesha wote tunalipa. Waliojenga walikuwa watu huru, wala hawakuwa wabaya. Kilichokosekana ni mazungumzo kabla ya kuchimba msingi. Jumuiya ya watu wa kujitolea, iwe ya programu, ya ramani, ya kwaya au ya ujenzi wa zahanati, inaweza kufuata njia hiyohiyo kwa wepesi, na haitaokolewa na sheria nyingi wala na kiongozi mkali. Itaokolewa na mazoea madogo ya kila siku, ya mtu kumwuliza jirani yake, kabla ya kubomoa, alikusudia nini alipojenga.